Kuingia Watamu na Mida: kanuni za mgeni na za mwenyeji katika hifadhi ya bahari

Ufuo wa Watamu, kusini ya Malindi katika Kaunti ya Kilifi, hauna ua wala ukuta upande wa bahari. Mtu hushuka kwa kichochoro cha kijijini au kwa ngazi za hoteli, akavua viatu, akaingia majini. Ndiyo maana wengi huvunja sheria bila hata kujua kwamba wamo mbugani. Mbuga ya Taifa ya Bahari ya Watamu ilitangazwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Malindi, zikawa miongoni mwa mbuga za kwanza za bahari barani Afrika. Mwaka 1979 UNESCO ililitambua eneo la Malindi na Watamu kuwa hifadhi ya viumbe hai.

Nawaandikia wageni na wenyeji kwa pamoja, na nafanya hivyo makusudi. Mvuvi wa Watamu ameacha kutega kwenye mwamba ambao babu yake aliutegemea kwa kitoweo na ada ya shule. Hiyo ni gharama halisi, na imelipwa na watu wa hapa, si na serikali. Mgeni anayeondoka na kombe la baharini mfukoni amechukua kitu ambacho mwenye bahari mwenyewe amekatazwa kukigusa. Ukilishika hilo kichwani, kanuni nyingine zote zinajieleza.

Hatua ya kwanza: jua umesimama wapi

Eneo hili lina sheria za aina tatu, na ukizichanganya utakosea hata ukiwa na nia njema.

Kwanza kuna mbuga yenyewe: ghuba za Watamu, Blue Lagoon na Turtle Bay, na bustani ya matumbawe iliyo mbele yake. Humo hakuna kuvua kwa namna yoyote. Si kwa ndoano, si kwa wavu, si kuokota pweza maji yakipwa. Hakuna kuondoa chochote, kiwe hai au kimekufa.

Pili kuna hifadhi, ambayo ni kubwa kuliko mbuga, na hori ya Mida, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, imo ndani yake. Hapa uvuvi unaruhusiwa kwa zana za asili na kwa masharti nitakayoyataja mbele. Mgeni akimwona mzee anavuta mshipi Mida asikimbilie kumpiga picha ya ushahidi. Yule yuko kazini kihalali.

Tatu kuna mikoko. Misitu ya mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932, na leo iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS), ilhali bahari inayoizunguka inasimamiwa na Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS). Kwa hiyo ruhusa ya kuvua kaa hori haikupi ruhusa ya kukata fito.

Mipaka ya majini huwekewa maboya, lakini maboya hukatika dhoruba ikipiga. Usiyategemee peke yake. Muulize nahodha au askari wa KWS akuonyeshe kwa kidole mpaka ulipo.

Hatua ya pili: soma maji kabla ya kupanga safari

Hapa ndipo wageni wanapopoteza siku, na wengine wanaponea chupuchupu. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu kuna bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikikaribia mita 4. Siku za bamvua pwani yetu maji hukauka kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele karibu dakika hamsini. Katikati ya bamvua mbili kuna maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana.

Hii ina maana gani kwako? Bamvua asubuhi, mwamba huchomoza na watu hushawishika kuutembelea kwa miguu. Usiutembelee. Yale madimbwi yaliyobaki ndiyo makimbilio ya samaki wachanga, na jiwe unalolikanyaga mara nyingi ni tumbawe hai. Kuna na samaki aina ya taa waliojifukia mchangani, na samaki wenye sumu wanaofanana na mawe kabisa. Tembea kwenye mchanga, na viatu vya mpira miguuni.

Mlango wa hori ya Mida nao una hatari yake. Maji yote yaliyoingia yakifunika maelfu ya mikoko yanatoka pale pale kwa saa chache. Maji yakianza kupwa, mkondo wa mlangoni humshinda mwogeleaji hodari na kumtoa nje. Usiogelee mlangoni wakati wa kupwa, hata kama wenzako wameogelea hapo jana maji yakiwa yamejaa na kutulia.

Upepo pia una neno lake. Kaskazi, kutoka kama Desemba hadi Machi, maji huwa maangavu na boti hutoka karibu kila siku. Kusi ikishika, kutoka Aprili na kuendelea, bahari huchafuka. Nahodha akikwambia leo hatutoki, usimbembeleze kwa pesa.

Hatua ya tatu: lipa panapostahili, upate stakabadhi

Ada ya kuingia mbugani hulipwa kwa KWS kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, si kwa fedha taslimu mkononi mwa mtu. Viwango hutofautiana: raia wa Afrika Mashariki, mkazi na mgeni wa nje kila mmoja ana chake, na watoto hulipa pungufu. Viwango hubadilika, kwa hiyo tazama kwenye mfumo siku unayokwenda, na ubebe kitambulisho kinacholingana na kiwango ulicholipa.

Kodi ya boti ni malipo mengine kabisa. Ukiambiwa bei, uliza: ada ya mbuga imo au haimo? Miwani ya kuzamia na mpira wa kupumulia vimo? Patana kabla ya mguu kugusa boti. Kagua mwenyewe kama jaketi za kuokolea maisha zinawatosha watu wote, za watoto zikiwemo, na kama chombo kimekaguliwa na mamlaka ya vyombo vya majini (KMA). Vijana wa ufuoni wengi ni waongozaji wazuri waliosomea kazi na wana vibali. Anayekuhimiza muingie kwa mlango wa nyuma ili "muokoe" ada anakuweka wewe matatani, kwani boti ikisimamishwa ni wewe utakayekosa stakabadhi.

Hatua ya nne: kwenye matumbawe, elea

Kanuni kuu ya bustani ya matumbawe ni kuelea tu: usisimame, usishike, usipige teke. Tumbawe ni mnyama mwenye ngozi nyembamba kuliko karatasi, na aina nyingi hukua sentimita chache tu kwa mwaka. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi sana ya pwani ya Kenya yalipauka na kufa. Yaliyopo leo yanahangaika kurudi, na joto limekwisha kurejea tena zaidi ya mara moja. Hatuwezi kuliamrisha joto la bahari. Miguu yetu tunaweza kuiamrisha.

Kama hujui kuogelea vizuri, vaa jaketi na umshike mwongozaji, si jiwe. Boti yenye sakafu ya kioo ipo kwa ajili ya asiyetaka kuingia majini, na si aibu kuitumia. Nahodha afunge boti kwenye boya. Nanga haitupwi juu ya matumbawe wala kwenye nyasi za baharini, maana kasa hula humo. Badala ya kujipaka mafuta ya jua mwili mzima, vaa fulana ya mikono mirefu. Inakinga vizuri zaidi na haichafui maji.

Kuna desturi ya kuwatupia samaki mkate ili wakusanyike kwenye kamera. Naisihi iachwe. Samaki wa mwambani kila mmoja ana kazi yake: wako wanaokula mwani usifunike matumbawe, yuko kikande anayevunja wale viumbe wa miiba mirefu myeusi na kuwala. Mahali kikande alipovuliwa akaisha, viumbe hao wa miiba huongezeka wakaguguna mwamba wote ukabaki uwanda. Utafiti uliofanywa kwenye miamba ya Kenya umelionyesha jambo hili kwa miaka mingi. Samaki aliyezoezwa mkate huiacha kazi hiyo.

Kiti cha pweza, yule kiumbe mwenye umbo la nyota, hakitolewi majini kwa ajili ya picha, hata kwa dakika moja. Mwongozaji akikupa mkononi, kirudishe polepole na umwambie huhitaji. Wageni wakikataa wote, desturi hiyo itakwisha ndani ya msimu mmoja.

Hatua ya tano: ufuoni

Makombe yabaki. Kombe tupu ni nyumba ya kaa anayehamahama, na likisagika ndilo mchanga wenyewe. Usinunue makombe, magamba ya kasa wala matumbawe kwa wachuuzi. Anayenunua na anayeuza wote wana kesi.

Plastiki: mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika mbuga, fuo na misitu ya hifadhi. Hii ni pamoja na chupa za maji, vikombe, sahani, vijiko na mirija. Beba chupa ya kujaza tena. Droni hairushwi bila vibali vya mamlaka ya anga na vya KWS. Magari na pikipiki hazipiti mchangani. Moto hauwashwi.

Sasa kasa, na hapa naomba usome taratibu.

Kasa hupanda fuo za Watamu usiku kutaga, na viota huwa vingi zaidi kati ya Machi na Julai. Jike huchimba shimo juu ya alama ya maji makuu, hutaga mayai yapatayo mia moja au zaidi, hufukia, kisha hurudi baharini, wala harudi kukitazama kiota hicho. Baada ya kama siku sitini, vitoto hutoka kwa pamoja, kwa kawaida usiku, na kuelekea upande wenye mwanga zaidi. Kwa asili mwanga huo ni wa bahari. Taa ya veranda yako ikiwa kali kuliko bahari, vitoto vitakuja verandani, na asubuhi utavikuta vimekauka chini ya vichaka au vimeliwa na kaa na kunguru.

Kwa hiyo mwenye nyumba au hoteli inayotazama bahari ana wajibu mzito kuliko mtalii wa siku moja. Zima taa za upande wa bahari kuanzia jioni, au uzifunike zimulike chini. Viti na vitanda vya jua viondolewe mchangani kila usiku, kwani jike akigongana navyo hurudi baharini bila kutaga. Mashimo na majumba ya mchanga ya watoto yasawazishwe kabla ya kuondoka. Mbwa wafungwe.

Ukimkuta kasa anapanda, simama kimya ulipo, zima tochi na simu, usipite mbele yake. Ukiona kiota, usikichimbe na usikihamishe. Uhamisho hufanywa na waliofunzwa pale tu kiota kinapokuwa hatarini kufikwa na maji. Ukiona vitoto vinatoka, usivibebe hadi majini. Vikinge dhidi ya ndege na mbwa, zima mwanga ulio nyuma yenu, viache vitambae vyenyewe.

Hatua ya sita: ndani ya hori ya Mida

Mida ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, ukizungukwa na mikoko, na tope lake maji yakipwa linakuwa meza ya ndege kutoka mbali mno. Wengine hutoka Ulaya na Siberia. Yupo mmoja mweupe kwa mweusi, mwenye domo nene jeusi la kuvunjia kaa, ambaye hutaga mayai ndani ya mashimo ya mchanga kwenye visiwa vya Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi na pwani ya Oman, kisha huja kuishi Mida wakati kwao si msimu wa kutaga. Bahari ile ile iliyoleta majahazi kwa kaskazi humleta na yeye.

Wakati mzuri wa kuwaona ni maji yanapoanza kujaa, kwa sababu maji huwasukuma karibu na nchi kavu. Pita kwenye daraja la mbao lililojengwa kati ya mikoko kwa usimamizi wa jamii. Ada yake hufadhili karo za wanafunzi wa sekondari kutoka vijiji vya jirani. Kaa kwenye kibanda cha kutazamia mwishoni mwa daraja, ongea kwa sauti ya chini. Usishuke topeni kuwafukuza ndege waruke upate picha. Kuelekea Machi na Aprili wanajaza mafuta mwilini kwa safari ya maelfu ya kilomita, na kila wanaporushwa bila sababu wanachoma akiba hiyo.

Ingia na mwongozaji wa kijijini. Anajua tope linalobeba mtu na tope linalomeza mguu hadi pajani, na atakuonyesha tofauti ya mkoko wenye mizizi ya kuning'inia, mchu wenye vijiti vinavyochomoza chini, na mlilana ulio mbele kabisa ukipokea mawimbi. Boti za mashine ziende polepole. Mtumbwi ni bora zaidi.

Hatua ya saba: kwa mvuvi na mkazi

Kila mvuvi anatakiwa awe amejiandikisha na kikundi cha usimamizi wa ufuo, BMU, katika bandari yake, na awe na leseni. BMU zina nguvu ya kisheria tangu kanuni za mwaka 2007, na sheria ndogo zao huongeza masharti juu ya kile kilichoandikwa Nairobi: bandari moja yaweza kufunga sehemu ya mwamba kwa muda, nyingine isifanye hivyo. Ukihamia, anzia kwa mwenyekiti wa BMU kabla ya kutupa wavu.

Mshipi, malema (mitego ya kusukwa) na uzio wa asili vina nafasi yake ndani ya hifadhi. Juya, yaani wavu mkubwa wa kukokotwa, na bunduki ya samaki vimekatazwa pwani nzima tangu 2001, na nyavu za uzi mmoja nazo hazitakiwi. Juya hulima chini kama jembe, likabeba samaki wachanga ambao mwakani wangekuwa kilo. Kaa jike mwenye mayai tumboni rudisha shimoni. Kaa mdogo vivyo hivyo. Hana bei na hana nyama.

Mikoko haikatwi bila kibali cha KFS, hata mti uliokauka, hata kwa kuezeka nyumba yako mwenyewe. Najua hili linauma pale ambapo boriti za mwanzi na chuma ni ghali. Kuna njia za kupata riziki bila shoka: vikundi vya Dabaso na kwingineko Mida hunenepesha kaa, hupokea wageni, hufuga nyuki na kuuza miche ya mikoko. Mgahawa wa jamii ulio juu ya mikoko kule Dabaso ni ushahidi wa kutosha.

Kasa akinaswa wavuni mwako, hujatenda kosa kwa kunaswa kwake. Kosa ni kumchinja. Kata wavu, usikate ngozi. Mshike gamba, mkono mmoja nyuma ya shingo na mwingine juu ya mkia, usimburure kwa mapezi na usimlaze chali. Mweke kivulini, mfunike kwa kitambaa kilicholowa, uache pua wazi. Akiwa amelegea haonyeshi uhai, usimtupe: inua sehemu ya nyuma iwe juu kuliko kichwa ili maji yatoke mapafuni, mweke na unyevu, subiri hata usiku kucha, kwani wengi huzinduka. Kisha piga simu kwa Local Ocean Conservation, shirika lililoanza kazi ya kasa hapa Watamu mwaka 1997. Huja kumchukua, humpima, humtia alama na kumwachilia, na mvuvi hupewa kitu kidogo cha kufidia muda na nauli. Ukimwona kasa anaelea juu ya maji asiweze kuzama, gamba limeota mwani, huyo ni mgonjwa, mara nyingi amemeza plastiki. Naye mpigie simu.

Hatua ya nane: kabla ya kujenga

Uwanja wa mbele ya bahari hauna uhuru wa uwanja wa barabarani. Ukuta, gati, kisima cha maji taka, hata kufyeka vichaka vinavyoshika mchanga, vinahitaji tathmini ya athari kwa mazingira na leseni ya mamlaka ya mazingira (NEMA), pamoja na idhini ya kaunti na kauli ya KWS. Ukuta wa bahari hasa: hulinda kiwanja chako na kula mchanga wa jirani, na kasa hapandi ukuta. Njia za umma za kushukia ufuoni haziwekewi lango, awe nani aliyenunua kushoto na kulia.

Hatua ya tisa: ukiona kosa

Usipigane na mtu majini wala usimpokonye wavu. Andika saa, mahali kwa alama inayojulikana, jina au nambari ya boti, na zana iliyotumika; piga picha ukiwa mbali kama ni salama. Peleka ofisi ya KWS Watamu au kwa BMU ya karibu, na kwa jambo la mikoko nenda KFS. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu kali kwa anayeua kasa, faini ya mamilioni au kifungo kirefu, lakini mashtaka husimama tu panapokuwa na maelezo kamili ya namna hiyo.

Wavu uliotelekezwa na kukwama mwambani usiung'oe peke yako. Ukivutwa hovyo huvunja matumbawe, na umewanasa hata wapiga mbizi wenye uzoefu. Weka alama ya mahali pake kwenye simu, toa taarifa, uwaachie wenye visu na mitungi ya hewa waje maji yakitulia.